Nilivyotenganisha folda zangu na folda za wote katika programu ya barua pepe

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kila folda iliyoonekana upande wa kushoto wa dirisha la Thunderbird, programu ninayoitumia kusoma barua pepe, ilikuwa yangu, na kwamba nilikuwa na haki ya kuipanga nipendavyo. Imani hiyo iliisha asubuhi moja, wakati mwenzangu wa idara alipouliza kwa upole kama kuna mtu aliyejua zilikokwenda barua za wateja za mwaka uliopita. Nilikuwa nimezihamisha mimi mwenyewe jioni iliyotangulia, kutoka katika folda ya pamoja ya idara hadi katika sehemu ya folda za ndani ya kompyuta yangu, nikidhani ninapunguza msongamano. Sikujua kwamba kuhamisha barua kutoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza barua za wote, kwenda kwenye folda za ndani ni kuiandika upya kwenye diski ya kompyuta hiyo moja na kisha kuiondoa kwenye seva. Watu wanne walikuwa wamepoteza barua zao za kazi kwa sababu ya usafi wangu.

Kuzirudisha hakukuwa kugumu, kwa kuwa zote zilikuwa bado kwenye diski yangu: nilizichagua, nikazivuta hadi katika folda ya pamoja, nikasubiri seva ipokee kila moja. Lakini nilipokuwa nikisubiri nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza tangu mwanzo, yaani kila folda ninayoiona inakaa wapi, na ni nani mwingine anayeiona.

Jibu la swali hilo linategemea itifaki, yaani kanuni ambazo programu hutumia kuwasiliana na seva. Akaunti ikitumia POP3, kwa kawaida barua hushushwa kwenye kompyuta na kupangwa humo humo, hivyo folda unazounda hazimhusu mtu mwingine. Akaunti ikitumia IMAP, ambayo Mark Crispin aliibuni mwaka 1986, folda zenyewe ziko kwenye seva na programu ni dirisha tu la kuzitazamia. Seva nyingi za IMAP hugawa folda katika makundi matatu: za mtumiaji mwenyewe, za watumiaji wengine walizokubali kukushirikisha, na za umma za taasisi nzima. Katika programu yangu makundi haya yote yalikuwa yamejikunja chini ya jina la akaunti moja, na ndiyo maana nilidanganyika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kutambua. Nilibofya kila folda kwa kitufe cha kulia, nikafungua sifa zake na kusoma ukurasa unaohusu ushirikishaji, ambao huonyesha aina ya folda na ruhusa nilizo nazo. Huo ulikuwa ukurasa wenye manufaa makubwa kuliko mwingine wowote niliowahi kuufungua katika programu hiyo, nami nilikuwa nimeitumia miaka kadhaa bila kuugusa. Ruhusa hizo hufuata waraka wa kiufundi wa RFC 4314 wa mwaka 2005, ambao huziandika kwa herufi moja moja: l ya kuiona folda katika orodha, r ya kusoma, i ya kuingiza barua, t ya kuweka alama ya kufuta, e ya kuondoa kabisa, a ya kugawa ruhusa kwa wengine, na nyinginezo. Niligundua kwamba nilikuwa na t na e katika folda ambazo sikuwa na sababu yoyote ya kufuta kitu. Nilimwomba msimamizi wa seva aniondolee ruhusa hizo mbili, ombi ambalo lilimshangaza kidogo, kwani watu huenda kwake kuomba kuongezewa.

Kisha nilipunguza orodha. Amri ya kujisajili kwenye folda iko katika menyu ya faili, na humo unachagua zipi zionekane na zipi zifichwe bila kufuta chochote. Nilibakiza folda tano za pamoja kati ya zaidi ya thelathini. Folda unayoiondoa katika orodha hii inabaki kwenye seva kama ilivyokuwa, na wenzako hawatajua kwamba umeacha kuitazama.

Kuhusu folda zangu binafsi sina mengi ya kusema. Nilizipa namba mbele ya majina, 01, 02 na kuendelea, ili zipangike kwa mfuatano ninaoutaka badala ya ule wa alfabeti. Nilijikwaa mara moja tu, nilipoweka nukta ndani ya jina la folda. Seva yetu hutumia nukta kutenganisha ngazi, kwa hiyo ikalisoma jina lile kama folda mbili, moja ndani ya nyingine.

Vichujio, yaani kanuni za kupanga barua zenyewe bila mtu kuzigusa, ndivyo vilivyonichosha. Kichujio unachokitunga katika programu hufanya kazi pale tu programu inapokuwa wazi, na hufanya kazi katika kompyuta hiyo pekee. Mimi na mwenzangu tulikuwa kila mmoja ametunga kichujio cha kunakili barua za malipo kutoka katika kikasha cha idara hadi katika folda ya pamoja, na matokeo yake ni kwamba kila barua ilionekana mara mbili, na kwa wiki nzima tulimlaumu mtumaji. Tulifuta vyote viwili na kumwomba msimamizi atunge kanuni moja kwenye seva yenyewe kwa lugha ya Sieve, ambayo hupanga barua inapofika hata kama kompyuta zetu zote zimezimwa. Vichujio vyangu vya binafsi nilivibakiza katika programu, maana havimgusi mtu.

Lebo za rangi nazo zilikuwa na mtego wake. Seva ikiruhusu, Thunderbird huhifadhi lebo zake tano za mwanzo kwenye seva kama maneno ya alama ya aina ya $label1 hadi $label5, ilhali jina na rangi ya kila lebo hubaki katika kompyuta ya kila mtu. Nilikuwa nimeibadilisha lebo ya kwanza iitwe "Imekamilika". Kwa wenzangu lebo hiyo hiyo bado ilisomeka kuwa ni jambo muhimu, nyekundu, kwa hiyo kila nilipomaliza kazi wao waliona dharura mpya. Tulikaa dakika kumi, tukakubaliana majina matano, na kila mmoja akayaandika kwa mkono katika programu yake.

Jambo la mwisho nililolirekebisha ni kufuta. Barua ninayoifuta katika folda ya pamoja ilikuwa inaingia katika folda yangu binafsi ya taka, mahali ambapo mwenzangu hawezi kuitafuta. Sasa, kwa kuwa sina tena ruhusa ya kufuta, tumeunda ndani ya folda ya idara folda ndogo iitwayo "Za kuondolewa", ambamo kila mtu hunakili barua anayoiona haina kazi, na mmoja wetu mwenye ruhusa huipitia kila mwisho wa mwezi na kuziondoa pande zote mbili. Mwezi uliopita alizibakiza tatu.