Siku moja maishani mwangu: fundi wa maji wa hospitali ya shamba, Pemba

Wanaoniona nikipita na spana mkononi hudhani kwamba kazi yangu ni kuwasha pampu asubuhi na kuizima jioni. Hospitali yetu, iliyoko kaskazini mwa Pemba, ina vitanda 32, na fundi wake wa maji ni mimi peke yangu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya sala, niliwasha pampu ya kisima kilichoko bondeni, na kufikia saa moja na nusu tangi la lita 10,000 lililojengwa kilimani, ng'ambo ya kijiji, lilikuwa limejaa. Nikapima gramu 31 za unga wa klorini wa asilimia 65, nikaukoroga ndooni, nikaacha machicha yake meupe yatuame, kisha nikamimina maji ya juu tangini. Kiasi hicho hutia miligramu 2 za klorini katika kila lita. Sehemu kubwa huliwa na uchafu uliomo majini, na kinachobaki baada ya nusu saa ndicho kinachoyalinda maji njiani. Kwenye mdomo wa tangi nilipata miligramu 0.6 kwa lita, nikafungua vali.

Saa tatu nikaenda kupima wodi ya wazazi. Maji ya mwanzo yalitoka na ukungu wa udongo. Nilijaza kibomba cha kupimia, nikaponda kidonge ndani yake, nikakiinua mbele ya karatasi nyeupe nikisubiri rangi ya waridi inayoonesha kuwa klorini imo, na maji yakabaki vilevile. Niliuacha mfereji wazi kwa dakika kumi, nikapima tena, ikaja waridi ya kukisia tu: 0.1. Shirika la Afya Duniani hukadiria lita 100 kwa kila uzazi, na muuguzi alikwisha kunambia kwamba wazazi wawili wako njiani. Nikamwomba mfereji usitumike, nikajaza madumu moja kwa moja kutoka tangini, na gari ya ng'ombe ikayashusha. Jamaa mmoja wa mgonjwa akaniuliza mbele za watu kama nililala nikasahau pampu. Sikumjibu.

Kilichobaki kilikuwa kulifuata bomba kwa miguu. Katikati ya shamba la muhogo nilikuta bata watatu wakioga, ilhali mvua haikunyesha tangu wiki iliyopita. Nilipofukua chini ya dimbwi nikaliona: bomba limetobolewa kwa chuma cha moto, likachomekwa mpira mweusi wa nusu inchi, na kiungo kimezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kila usiku mimi hufunga vali ili tangi lisiishe kwa mifereji inayovuja. Maji yakiteremka na bomba kubaki tupu, bomba hunyonya kilichoko nje, na kilichokuwa nje ni maji ya bata.

Mwenye shamba alikuja taratibu, kofia kichwani, nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akaniuliza kwa nini nachimba kwake bila ya kubisha hodi. Nikamwomba radhi, nikamwonesha mpira.

"Maji ya Mungu haya, mwanangu. Nyinyi mwayapitisha mlangoni kwangu, na bibi yako huteremka bondeni na ndoo kichwani. Hilo ni sawa?"

Nilimweleza habari ya bomba tupu, akasema maji yakitoka hayarudi. Nilimtajia kipindupindu, ugonjwa ambao Zanzibar imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2027, akanijibu kuwa kipindupindu amekiona kabla mimi sijazaliwa, na kwamba bata hawakukileta. Aliita jirani awe shahidi, jirani akaja na mwengine, na kila aliyefika ilibidi asimuliwe upya. Jua lilikuwa utosini, koo limenikauka, na miguu yangu imo ndani ya tope. Ukweli ni kwamba nusu ya maneno yake nilikuwa nayakubali: bomba lililopitishwa katikati ya kijiji bila ya kuachiwa mfereji hata mmoja lilikuwa linangoja kutobolewa. Lakini mjukuu wake alizaliwa katika wodi ile ile, na nilipomkumbusha hilo alinyamaza, akauchomoa mpira kwa mkono wake.

Baada ya hapo saa sikuziangalia. Nilipanda kufunga vali, nikakata kipande kilichotobolewa, nikaunga kipande kipya kwa soketi mbili, na wakati gundi inakauka yule mzee aliniletea muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, tukala bila ya kuzungumza sana. Kisha nikatia maji yenye klorini kali ndani ya bomba, nikayaacha yakae, nikayamwaga yote nje ya uzio mpaka harufu ikapungua. Mgongo ulikuwa unaniuma kama nimebeba magunia ya karafuu.

Magharibi ilikwisha pita nilipopima tena wodi ya wazazi, kwa mwanga wa simu. Waridi ilikuja haraka: 0.5. Mtoto wa kwanza alikwisha zaliwa kwa maji ya madumu. Niliandika kipimo daftarini, na chini yake nikaandika ombi kwa daktari dhamana: mfereji mmoja wenye koki kando ya lile shamba la muhogo. Vali ya kilimani usiku ule sikuifunga, ili bomba lisibaki tupu, kwa hivyo niliweka kengele ya saa sita niamke kuangalia tangi.