Dozi isiyoandikwa kwenye bahasha ya eksrei

Katika kazi yangu ya kupiga picha za eksrei na siti skani hapa Tanga nimewaona watu wakiwa na misimamo miwili inayopingana kuhusu mionzi. Wapo wanaokataa picha moja ya kifua ambayo daktari anaihitaji ili ajue kama kikohozi cha muda mrefu ni kifua kikuu, wakisema kwamba mionzi inakausha damu. Na wapo, wakati mwingine ndani ya nyumba hiyo hiyo, wanaomsihi daktari awaandikie siti skani ya kichwa kwa sababu kichwa kimewauma tangu Ijumaa na kadi ya bima ipo. Makundi yote mawili yanazungumzia mionzi bila kutaja kiasi chake, ilhali katika jambo hili kiasi ndicho kinachoamua.

Kiasi hicho hupimwa kwa vizio viwili vinavyohusiana. Grei hueleza nishati ambayo mionzi imeiacha katika kila kilo ya mwili, na siveti huzingatia pia aina ya mionzi na urahisi wa kiungo husika kudhurika. Kwa kazi za kawaida za hospitali vizio hivyo ni vikubwa mno, kwa hiyo sisi hutumia sehemu yake ya elfu moja, yaani miligrei na milisiveti. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi inakadiria kwamba binadamu, kwa wastani wa dunia nzima, hupata milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili, na karibu nusu yake hutokana na radoni, gesi inayotoka ardhini na kujikusanya ndani ya nyumba zilizofungwa. Sisi wa pwani, tunaoacha madirisha wazi kwa sababu ya joto, tunaipa gesi hiyo njia ya kutoka, na kwa kuwa tuko usawa wa bahari, mionzi ya angani hutufikia kwa uchache kuliko inavyowafikia ndugu zetu wa Lushoto, kule milimani. Ila tunakula pweza na dagaa, na vyakula vya baharini vina poloni-210, elementi inayotoa mionzi, nyingi kuliko nyama ya ng'ombe. Hata ndani ya mwili wa kila mmoja wetu imo potasiamu-40, ambayo hutoa mionzi mara elfu kadhaa kila sekunde, mchana na usiku.

Picha moja ya kifua iliyopigwa vizuri humpa mtu mzima milisiveti 0.1 au pungufu, kiasi ambacho angekipata kwa asili ndani ya wiki mbili hivi, na kwa mashine nzuri ndani ya siku chache tu. Siti skani ya kichwa ni kama milisiveti 2, na ile ya tumbo inakaribia 8 hadi 10, yaani mionzi ya asili ya miaka mitatu au minne kwa mara moja. Altrasaundi na MRI, kipimo cha sumaku, hazitumii kabisa mionzi ya aina hii. Bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake kutoka Pangani aliitikia shikamoo yangu, akaitazama mashine kwa mashaka, kisha akaniambia, "Mwanangu, damu yenyewe ndiyo hii kidogo, usije ukaimaliza." Nilimweleza kwamba picha yake ya kifua ni sawa na siku chache za kukaa tu nyumbani kwake, akaniuliza, "Sasa huko nyumbani nani ananipiga picha?" Nikaona kwamba maelezo ya radoni yangetufikisha adhuhuri, nikamwomba avute pumzi aishike.

Kuhusu madhara yenyewe, elimu yetu kubwa imetoka Hiroshima na Nagasaki, ambako manusura wa mabomu ya mwaka 1945 wamefuatiliwa kuanzia mwaka 1950, na ikaonekana kwamba saratani huongezeka kadiri dozi inavyoongezeka. Kwa dozi ndogo kama zetu za hospitali, ongezeko hilo, kama lipo, humezwa na saratani ambazo zingetokea kwa vyovyote vile. Hata hivyo, kwa tahadhari, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi huchukulia kwamba hatari inaendelea kupungua pamoja na dozi bila kufika mahali inapokwisha kabisa, nayo hukadiriwa kuwa asilimia 5 hivi kwa kila siveti. Kwa siti skani ya milisiveti 10 hesabu hiyo inatoa mtu mmoja kati ya 2,000. Mimi huichukulia hesabu hii kama mwongozo wa kupangia kazi, si utabiri wa kumwambia mgonjwa aliyelala kitandani. Watoto ni habari nyingine: utafiti wa nchi tisa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2023, uliowahusisha vijana na watoto wanaokaribia milioni moja, ulikadiria kwamba kati ya kila watoto 10,000 wanaopigwa siti skani kwa dozi za siku hizi, mmoja au wawili watapata saratani ya damu au ya tezi za limfu kwa sababu ya kipimo hicho katika miaka 12 inayofuata. Ni wachache, lakini wapo. Kwa mama mjamzito mwenye homa ya mapafu, picha ya kifua humpa mtoto aliye tumboni chini ya miligrei 0.01, na kuiahirisha mpaka ajifungue ndiko kunakomhatarisha.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Sisi wafanyakazi wa vyumba vya mionzi huvaa beji kifuani. Ndani ya beji nyingi za aina hii kuna vipande vidogo vya fuwele, mara nyingi floridi ya lithiamu, ambavyo hutunza sehemu ya nishati ya mionzi iliyovipata. Vikipashwa moto maabara hutoa mwanga hafifu, na wingi wa mwanga huo ndio unaoonyesha dozi. Huduma hiyo tunaipata kwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, taarifa hurudi ikiwa na jina la kila mmoja wetu, na kikomo chetu ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Sisi tunaosimama nyuma ya ukuta tunapimwa na kuandikwa. Mgonjwa anayesimama mbele ya mashine huondoka na bahasha ya kaki yenye jina, tarehe na picha, bila tarakimu hata moja ya dozi aliyopata. Ni kweli kwamba mgonjwa hawekewi kikomo kama chetu, na sababu yake ni ya busara, kwani hatuwezi kumnyima aliyepata ajali ya bodaboda picha inayomwokoa eti amefikisha idadi. Lakini kutowekewa kikomo hakupaswi kugeuka kuwa kutohesabiwa.

Watafiti wetu wenyewe wameonyesha kwa nini hesabu hiyo ina maana. Mwaka 2006 Ngaile na Msaki walichapisha utafiti wa dozi za siti skani katika hospitali za Tanzania, na wakakuta kwamba lenzi ya jicho, katika kipimo cha kichwa, ilipata kwa wastani karibu miligrei 64. Miaka mitano baadaye ile Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi iliteremsha kiwango kinachohofiwa kuleta mtoto wa jicho hadi miligrei 500, kwa hiyo mtu aliyerudiarudia kipimo hicho, kwa dozi za wakati ule, alikuwa anakaribia kiwango ambacho hakuna aliyemwambia kipo. Mwaka 2008 Muhogora na wenzake, katika mradi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki uliohusisha nchi 12 ikiwemo yetu, waliripoti kwamba kuna mahali ambapo hadi asilimia 53 ya picha za eksrei zilikuwa na ubora hafifu, na kwamba udhibiti wa ubora ulipoanza, dozi zilipungua kwa viwango vilivyotofautiana sana, kutoka asilimia 1.4 hadi 85. Sehemu kubwa ya mionzi inayopotea bure inapotelea hapo, katika picha isiyosomeka ambayo lazima irudiwe.

Picha huharibika kwa mambo madogo. Mabega yasiposogezwa mbele, mifupa ya mabega hufunika mapafu. Mkufu ukisahaulika shingoni hutokea mweupe juu ya kifua. Kwa hapa kwetu, picha ya nyonga au ya tumbo ya mwanamke ina adui wake mahususi, nazo ni shanga za kiunoni. Shanga za kioo huonekana kama punje nyeupe zilizojipanga juu ya njia ya mkojo, pale pale daktari anapotafuta jiwe, na hapo huna la kufanya ila kurudia. Si jambo la kumwuliza mama wa watu kwa sauti mbele ya shemeji yake. Mwenzangu wa kike humchukua pembeni nyuma ya pazia, na mama hurudi uso umetulia, shanga zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. Dakika hizo mbili zinaokoa dozi nzima.

Kuna pia picha zinazorudiwa kwa sababu ile ya kwanza imebaki Muheza au Handeni, au imegandana ndani ya bahasha kwa unyevu wa pwani. Niliwahi kumpokea mgonjwa aliyekuwa amepigwa siti skani ya tumbo katika kituo kimoja siku chache tu zilizopita, na kituo hicho hakikumpa diski wala ripoti iliyosomeka. Ikabidi arudie.

Kwa siti skani, dawa ya kutohesabiwa huko iko karibu, kwa sababu mashine yenyewe huonyesha kwenye kioo chake, mwisho wa kipimo, tarakimu inayopatikana kwa kuzidisha ukali wa mionzi kwa urefu wa sehemu iliyopigwa. Kwa mtu mzima ukiizidisha kwa 0.015 kama ni tumbo, au kwa 0.0021 kama ni kichwa, unapata makadirio ya milisiveti: tarakimu ya 600 kwa tumbo ni kama milisiveti 9, na 1,000 kwa kichwa ni kama 2. Huhitaji kununua chochote. Ninaiandika kwa kalamu kwenye bahasha, chini ya jina la kipimo, pamoja na tarehe, na ninamweleza mgonjwa aionyeshe popote atakapoandikiwa kipimo kingine. Baadhi ya madaktari wanaonitumia wagonjwa wameanza kuniuliza tarakimu hiyo kabla ya kuandika siti skani ya pili, na zaidi ya mara moja swali hilo limeishia kwa mgonjwa kupelekwa altrasaundi.