Jina Lisionekane Kabla ya Kutajwa

Katika michezo mingi ya mtandaoni, jina la mhusika huelea juu ya kichwa chake tangu sekunde ya kwanza anapojitokeza kwenye skrini yako. Hujamsalimu, hujamsikia akizungumza, pengine yuko ng'ambo ya mto na amekupa mgongo, lakini tayari unajua anaitwa nani, yumo katika kundi gani na amefikia ngazi ya ngapi. Kwa anayecheza ili kuua madubwana na kukusanya ngawira, hilo ni jambo jema, kwa kuwa humwezesha kumtambua mwenzake katikati ya vurumai. Kwa sisi tunaoingia mchezoni ili kuigiza, yaani kuishi maisha ya mtu mwingine, kusema kwa kinywa chake na kujua yale tu anayoyajua yeye, jina hilo ni siri iliyovuja bila mtu yeyote kuivujisha. Jasusi hawezi kuwa jasusi, mtoro hawezi kujificha mjini, na mgeni aliyeingia mgahawani hawezi kuwa mgeni, maana kila aliyeketi humo amekwisha kumsoma.

Ninachokitetea hapa ni kwamba kuficha jina mpaka wahusika watambulishane ni kazi ya programu, si ya adabu ya wachezaji. Zaidi ya hapo, naamini kwamba programu hiyo haipaswi kufunua jina la kweli siku wahusika wanapojuana, bali itunze kile tu ambacho kila mmoja wao aliambiwa. Hoja ya kwanza ina wafuasi wengi. Ya pili hunipatia ubishi kila ninapoitoa, na ndiyo ninayoijali zaidi.

Michezo hii ilianza kwa maandishi matupu. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, kisha Richard Bartle akijiunga naye, alianza kuunda mchezo uitwao MUD katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, na ndani yake dunia nzima ilikuwa maneno, hata mchezaji mwingine alionekana kama jina lililoandikwa kwenye mstari. Hapakuwa na kosa katika hilo, kwa kuwa bila jina usingeweza kuueleza mchezo unataka kumtazama nani au kumpa nani upanga. Lakini picha zilipokuja, na kipanya kikaweza kumgusa mtu bila kumtaja, jina halikuondoka. Ukiingia Ultima Online ya mwaka 1997, EverQuest ya 1999 au World of Warcraft ya 2004, utakuta majina ya watu usiowajua yakikusubiri.

Seva nyingi za kuigiza, yaani kompyuta zinazoendesha mchezo kwa kundi la wachezaji, hujaribu kuziba pengo hilo kwa kanuni. Kanuni husema kwamba jina ulilolisoma juu ya kichwa umelisoma wewe mchezaji, wala mhusika wako hakulisoma, na kwa hiyo hana ruhusa ya kulitamka mpaka alisikie ndani ya hadithi. Anayelitamka mapema amefanya kile ambacho wachezaji hukiita metagemingi, na wasimamizi wanaweza kumwonya au hata kumfukuza.

Watu hudhani kwamba udhaifu wa kanuni hiyo ni walaghai. Walaghai hawanisumbui sana, kwa sababu hujulikana upesi na huondolewa. Tatizo ni waaminifu. Mchezaji mwaminifu aliyeona juu ya kichwa cha mgeni jina la mwizi anayetafutwa na mji mzima hawezi tena kutolijua. Kilichobaki ni kuigiza kutojua, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kutojua kwenyewe. Wengine, bila kukusudia, huhamishia mfuko wa fedha upande wa pili au hupata udhuru wa kutompangisha chumba. Wengine, kwa kuogopa kushukiwa, huelemea upande mwingine: humwamini yule mwizi kupita kiasi, humwonyesha ghala, humwachia funguo, ili kila mtu aone kwamba wanacheza kwa haki. Katika hali zote mbili uamuzi wa mhusika umetawaliwa na jambo asilolijua, na mwizi mwenyewe, ambaye alitaka kufanikiwa kwa ujanja wake, habaini kamwe kama alimdanganya mtu au alihurumiwa.

Wachezaji wa World of Warcraft wamejitafutia nafuu kwa programu nyongeza kama Total RP 3, ambayo humwezesha mtu kuandika wasifu wa mhusika wake na kuonyesha humo jina tofauti na lile la mchezo. Nimewaona walioandika maelezo ya sura mahali pa jina, na nawapongeza. Hata hivyo nyongeza hiyo huonekana tu kwa wale walioiweka kwenye kompyuta zao, na jina la asili bado limo ndani ya mchezo. Ni pazia jembamba.

Michezo ya maandishi iliyoamua kuwa ya kuigiza tupu ilikwenda mbali zaidi. Armageddon, ulioanza mwaka 1991 na unaojulikana kwa jangwa lake na kwa kifo kisicho na marejeo, humwonyesha kila mhusika kwa maelezo mafupi ya sura badala ya jina. Huoni kwamba fulani ameingia. Unaona kwamba ameingia mwanamume mrefu mwenye kovu shavuni. Akivuta kofia ya joho lake usoni, hata kovu hutoweka, na kinachobaki kwenye mstari ni mtu aliyevaa joho jeusi. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba kumbukumbu hurudi mahali pake, kichwani mwa mchezaji. Ukimwona tena yule mwenye kovu baada ya wiki kadhaa, itakubidi ukumbuke mwenyewe alikwambia anaitwa nani, na ukisahau, mhusika wako naye amesahau, bila haja ya kanuni yoyote.

Katika michezo ya picha, mfano ninaoufahamu vyema ni Garry's Mod, uliouzwa kuanzia mwaka 2006, na ile mifumo ya kuigiza iliyojengwa juu yake: Clockwork, NutScript na Helix. Humo mhusika usiyemtambua huonekana bila jina, na anapozungumza, mahali pa jina kwenye gumzo huwekwa maelezo ya sura yake ndani ya mabano. Anayetaka kujulikana hufungua menyu ndogo na kuchagua wa kumtambua, kama ni walio umbali wa mnong'ono, wa mazungumzo ya kawaida, au wote wanaoweza kuisikia sauti yake akipaza. Tangu hapo majina yanaonekana. Helix humruhusu pia mwenye seva kuamua kwamba kundi zima, tuseme askari wanaovaa namba zao kifuani, litambulike na kila mtu bila utambulisho wowote. Mtu aliyewahi kuigiza chini ya mfumo huu hataki kurudi kwenye majina yanayoelea.

Hata hivyo nina shaka moja na menyu hiyo, nayo si ndogo. Kitufe cha kutambulishwa, katika umbo lake la kawaida, hutoa jina lililosajiliwa la mhusika. Mhusika anaweza kusimama mbele ya mlinzi wa lango na kusema kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mfanyabiashara wa nguo aitwaye Hamisi, lakini akibonyeza kitufe, skrini ya mlinzi itaandika jina lake halisi na kumkana palepale. Asipobonyeza, ataendelea kuonekana kwa mlinzi huyo kama maelezo ndani ya mabano hata wakishakuwa marafiki wanaokula sahani moja. Yaani mfumo umemlinda dhidi ya kujulikana, kisha ukamnyima haki ya kusema uongo, ilhali nusu ya utamu wa kuigiza ni uongo uliosemwa vizuri. Utambulisho ni maneno ya mtu kuhusu nafsi yake, na maneno yanaweza kuwa ya kweli au ya hila. Programu ikijifanya shahidi wa ukweli wake, imeingilia mambo yasiyoihusu.

Space Station 13, mchezo uliotokea mwaka 2003 juu ya jukwaa la BYOND, hauna utambulisho wa namna hiyo kabisa, kwa kuwa wahusika ni wafanyakazi wa kituo kimoja cha angani na huchukuliwa kuwa wanafahamiana, lakini umelifikiria suala la utambuzi kwa undani ambao sijaukuta kwingine. Jina unaloliona hutokana na uso na kitambulisho. Uso ukiwa wazi, unaliona jina la mwenye uso. Uso ukifunikwa, unasoma kile kilichoandikwa kwenye kadi aliyoivaa, hata kama kadi hiyo ni ya kuibiwa. Asipokuwa na kadi wala uso, huyo hajulikani. Vyote viwili vikiwepo lakini visilingane, mchezo huandika jina la uso, kisha huongeza kwamba amejitambulisha kama yule wa kwenye kadi, na hapo fitina huanza. Katika matoleo mengi ya mchezo huo, aliyejifunika uso huponzwa na ulimi wake, kwa sababu sauti nayo humtaja, isipokuwa kama amepata kifaa cha kuibadilisha. Kila dalili husema neno lake, na mchezaji ndiye anayeamua aiamini ipi.

Ninalotaka mimi limekaribiwa zaidi na Evennia, maktaba ya msimbo, yaani mkusanyo wa vipande vya programu vilivyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, inayotumiwa kuunda michezo ya maandishi. Ndani yake mna sehemu ya hiari ya kuigiza ambayo humpa kila mhusika maelezo mafupi, na humpa kila mtazamaji amri ya kumwekea mwingine jina la kumbukumbu analolitaka yeye mwenyewe. Nikiambiwa kwamba yule mrefu anaitwa Hamisi, naandika Hamisi, na kuanzia hapo kila kitendo chake nitakisoma chini ya jina hilo, wakati wewe uliyeambiwa jingine utakisoma chini ya hilo ulilopewa. Akivaa barakoa, jina nililomwekea halitumiki tena mpaka aivue. Haven & Hearth, mchezo wa picha wa mwaka 2009 kutoka Uswidi, umefuata njia inayofanana na hiyo: mgeni hana jina juu ya kichwa, na ukimweka katika kumbukumbu yako, wewe ndiye unayemwandikia jina la kumwita. Sioni ugeni wowote katika hilo, maana mitaani kwetu mtu anaweza kuishi jirani na Mama Asha kwa miaka mingi, akamkopa chumvi na kuzika naye wafu, bila kujua jina lililo kwenye kitambulisho chake, na ujirani usipungukiwe na kitu.

Kwa wajenzi, ugumu wa kwanza uko kwenye hesabu. Jina likiwa moja kwa watu wote, wahusika 200 wana majina 200. Likiwa ni la kila mtazamaji, jozi zinazowezekana ni 39,800, kwa kuwa mimi kukujua wewe si sawa na wewe kunijua mimi. Kwa hifadhidata ya leo idadi hiyo si mzigo, na kwa kweli jozi nyingi hubaki tupu. Neverwinter Nights, mchezo wa 2002, unaonyesha kwamba hata nyumba ya zamani inaweza kukarabatiwa, kwani nyongeza ya seva iitwayo NWNX ina sehemu inayobadilisha jina la mhusika kwa mtazamaji mmojammoja.

Ugumu wa pili ndio unaowaangusha wengi, nao ni mianya. Jina hufichwa juu ya kichwa, kisha huonekana kwenye orodha ya waliomo mchezoni, au kwenye tangazo la nani amemuua nani, au kwenye dirisha la kubadilishana bidhaa, au kwenye barua, au kwenye upanga uliochorwa jina la mhunzi wake. Mbaya kuliko yote ni seva inayotuma jina la kweli kwa kompyuta ya kila mchezaji na kuiomba kompyuta hiyo isilionyeshe. Mwenye ujuzi kidogo ataligundua. Jina lisilotakiwa kuonekana lisitoke kwenye seva.

Upo pia ugumu ambao msimbo hauwezi kuutatua. Mahali palipo na maelezo badala ya majina, kila mtu huwa mrefu, mwenye macho makali na kovu la ajabu, na baraza la watu kumi na wawili hugeuka fumbo la nani amesema nini. Vita ni vibaya zaidi, kwa kuwa hakuna muda wa kusoma sura ya unayempiga. Nadhani dawa yake ni kuwadai wachezaji maelezo mafupi yanayotofautiana kweli, na msimamizi kuyakataa yanayofanana, hata kama wataudhika. Mgeni asiyeizoea hali hiyo hujiona mpweke katika siku zake za mwanzo. Ningependa asaidiwe na wenzake kwa kusalimiwa kuliko kurudishiwa majina.

Linabaki suala la malalamiko, ambalo wapinzani wa wazo hili hulitaja kwanza, na hapo wana haki. Mchezaji akitukanwa na mtu asiye na jina, atamshtaki nani? Seva nyingi za kuigiza za Grand Theft Auto V hujibu kwa kumpa kila mchezaji nambari, ambayo wengine huiona wakishikilia kitufe, ili waiandike kwenye taarifa kwa msimamizi. Nambari hiyo inatosha kabisa, mradi iwe ya kikao kimoja tu, kama ilivyo kawaida kwenye FiveM, programu inayoendesha seva za namna hiyo, ambapo anayetoka na kurudi hupewa nyingine. Seva iliyoifanya kuwa ya kudumu hugundua upesi kwamba watu wameikariri, na kwamba mlinzi wa lango ameshamjua Hamisi kwa tarakimu zake kabla hajafungua kinywa.