Siku moja na ukuta wa chaki, Kariakoo

Saa 11 alfajiri nishaamka, nadandia daladala Mbagala na begi langu lina boksi mbili za chaki, dasta na kitambaa. Mi nimezaliwa Kariakoo, baba alikuwa mpangaji, nyumba ikavunjwa ikapanda ghorofa, sisi tukaishia Mbagala. Ndo maana nafanya hii kazi, ya kugeuza ukuta wa nyumba inayosubiri kuvunjwa kuwa ubao, watu waandike kumbukumbu zao.

Saa 12 na nusu nafika. Nyumba ni ya Kiswahili hasa, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, uani nyuma, baraza mbele, na imebanwa na maghorofa kushoto kulia. Warithi wameshakubaliana na mwekezaji, ni ubia, yeye anajenga wao wanapewa floo zao, hapo sina neno. Ila wapangaji wanatoka mikono mitupu, hata walioishi humo miaka 20, na hao ndo ukuta wao.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu. Kunywa chai kwanza, chaki haikimbii."

Bibi anauza vitumbua hapo barazani. Nakunywa.

Ukuta wenyewe nimepaka rangi ya ubao, ile ya madarasani, mara mbili, nikaacha ikauke siku tatu halafu nikausugua wote kwa ubapa wa chaki kabla mtu hajaandika, maana usipofanya hivyo maandishi ya kwanza yanaganda hayafutiki vizuri. Juu yake nimepiga stensili, yani kadibodi iliyokatwa herufi, mistari 40: HAPA PALIKUWA NA ________. Wazo la ukuta wa kujaziwa nimelitoa kwa msanii wa Marekani, Candy Chang, mwaka 2011 kule New Orleans alipaka nyumba iliyotelekezwa mtaani kwake akawauliza watu wanataka kufanya nini kabla hawajafa, na sa hivi kuta kama ile zimeshafika zaidi ya 5,000 duniani. Mi swali la kufa sikulitaka, huku kinachokufa ni mtaa.

Saa 4 mtaa umechangamka, huwezi hata kupita. Jamaa wa mkokoteni kasimama na mzigo wake, kaandika "mwembe, tulikuwa tunapumzika", akachapa mwendo. Dada mmoja kaandika "chumba cha mama, namba 4" kisha akakaa barazani kama nusu saa hivi, sikumsemesha. Mwingine kaandika tu "sisi".

Saa 7 jua kali, watu wanapungua. Dalali mmoja kaandika namba yake ya simu nikaifuta mbele yake, akakasirika, nikamwambia kaka samahani lakini mstari huu una mwenyewe.

Saa 10 watoto wa shule wanavamia, chaki boksi nzima inaisha, wanajaza mpaka chini kabisa, wengi wanaandika majina yao na mi nawaacha maana kweli walikuwepo.

Saa 11 jioni bibi kanawa mikono akaomba chaki. Wiki mbili nzima hajawahi kuandika, nikajua labda hajui kusoma. Kumbe bibi anaandika herufi za Kiarabu, Kiswahili hikihiki lakini kwa herufi za chuoni, za madrasa, yani akaanzia kulia mwisho wa mstari akaja kushoto taratibu mpaka akakutana na neno langu NA, nafasi ikaisha neno halijaisha. Akabaki ameshika chaki.

"Umeandika nini bibi?"
"Jina la mkwe wangu, aliyeijenga hii nyumba. Halijaenea."

Niliumia sana. Siku zote hizo nimeweka mstari ambao yeye hawezi kuujaza.

Saa 1 usiku napiga picha mstari mmoja mmoja kisha nafuta kila kitu kesho waanze upya, isipokuwa wa bibi. Saa 3 niko nyumbani, mbele yangu kadibodi na kisu. Ustadhi wa madrasa ya jirani kaniandikia maneno yaleyale kwa herufi za Kiarabu, yanaanzia kulia, na kushoto nimeacha mstari mrefu.