Kifungua Kinywa na Bastola Kiunoni

Jumamosi ya tarehe 2 Januari 2016, siku moja baada ya sheria mpya ya Texas ya kuvaa bastola wazi kuanza kutumika, nilivaa mkanda mpana wa ngozi, nikaweka bastola kwenye ala yake upande wa kulia wa kiuno, nikachomekea shati ili silaha ionekane na kila mtu, kisha nikaendesha gari hadi kwenye mkahawa mmoja ulioko kati ya Dallas na Fort Worth. Kikundi cha wamiliki wa silaha kilikuwa kimenialika kujiunga nacho kwa kifungua kinywa. Wengi wao nilikuwa nimekwisha kuwaona kwenye uwanja wa shabaha, lakini uwanjani kila mtu ana silaha na hakuna anayemshangaa mwenzake. Mkahawani mambo yangekuwa tofauti.

Watu wengi hudhani kwamba Texas ni nchi ambayo tangu enzi za wachunga ng'ombe kila mwanamume alitembea na bastola kiunoni. Ukweli ni kwamba mwaka 1871 Bunge la jimbo hilo lilipiga marufuku kubeba bastola hadharani, na kwa zaidi ya karne moja marufuku hiyo ilidumu. Bunduki ndefu ziliruhusiwa kubebwa wazi. Bastola ndiyo iliyokatazwa. Mwaka 1995 ilipitishwa sheria ya leseni ya kubeba bastola iliyofichwa ndani ya nguo, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kisha Juni 2015 Gavana Greg Abbott akatia saini sheria iliyomruhusu mwenye leseni kuivaa wazi, mradi iwe ndani ya ala ya mkandani au ya begani. Leseni yangu, niliyoipata mwishoni mwa mwaka huo, bado ilikuwa na maneno ya zamani yanayotaja silaha iliyofichwa, lakini kuanzia tarehe 1 Januari ilitosha kwa vyote viwili.

Sikuingia katika mambo haya kwa mapenzi ya silaha. Nilikuwa nikifanya kazi ya zamu ya usiku katika duka la kituo cha mafuta, na usiku mmoja kijana aliingia amevaa koti kubwa, akatoa bastola kutoka tumboni mwake na kunielekezea usoni mpaka nilipomaliza kumpa fedha zote zilizokuwamo kwenye droo. Hakunidhuru. Lakini kwa muda mrefu baadaye, kila mteja aliyeingia na koti nilimtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Nilijiandikisha kwenye darasa la leseni nikiwa na hofu hiyo, na nikiwa mkazi wa kudumu, si raia, nilishangaa kidogo kukuta kwamba sheria ya Marekani inamruhusu mtu wa hali yangu kumiliki silaha baada ya kuchunguzwa rekodi zake.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee Mweusi mwenye sauti ya chini, na nadhani nusu ya sababu ya mimi kujiunga na kikundi ni yeye. Alitumia muda mwingi kuliko nilivyotarajia kutufundisha namna ya kumaliza ugomvi bila nguvu, jambo ambalo sheria yenyewe inataka lifundishwe, pamoja na namna ya kufungia silaha ndani ili mtoto asiifikie. Alitusimulia pia habari ya Killeen, ambako tarehe 16 Oktoba 1991 mtu aliingiza gari ndani ya mkahawa wa Luby's kupitia dirishani na kuwaua watu 23 kwa risasi. Miongoni mwa waliokuwamo alikuwa Suzanna Hupp, ambaye bastola yake ilikuwa ndani ya gari kwa kuwa sheria ilimkataza kuingia nayo. Wazazi wake wote wawili waliuawa siku ile. Ushahidi wake mbele ya wabunge ulichangia sana kupatikana kwa sheria ya 1995. Mzee alisimulia hayo bila kupaza sauti, kisha akatupeleka uwanjani. Mtihani ni risasi 50, kutoka umbali wa yadi 3, 7 na 15, na anayepata alama 175 kati ya 250 amefaulu. Alituambia kwamba mtihani huo ni mwepesi mno, na kwamba mtu anayeridhika nao hafai kuvaa silaha mbele za watu.

Leseni ile ile iliniruhusu kuificha bastola, na ndugu na rafiki zangu wote waliniuliza kwa nini nisiifiche basi. Jibu langu linatoka Kibondo, mkoani Kigoma, nilikokulia. Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore, lenye kibali, ambalo alilitumia kufukuza nguruwe pori waliokuwa wakila mihogo. Alilibeba begani akipita katikati ya kijiji, na kila mtu, hata sisi watoto, tulijua ni la nani, linatunzwa wapi na limetoka kufanya nini. Silaha iliyofichwa ilikuwa ya jambazi. Miaka ile, vita vya nchi jirani vilipozagaza bunduki mpakani, mabasi yalisafiri yakisindikizwa na askari kwa sababu ya watu waliotoka porini na silaha ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi. Kwa malezi hayo, na kwa kumbukumbu ya kijana wa koti kubwa, kuificha bastola chini ya shati kulinifanya nijione nimefanana na wale niliowaogopa. Niliona kwamba mwenye silaha anapaswa kutazamwa, na akitazamwa atajichunga.

Mke wangu hakukubaliana na hoja hiyo, na sikuweza kumlaumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba watoto, hapa hakuna anayemjua babu yako. Hapa wewe ni mwanamume mweusi mwenye bastola." Tulizungumza mpaka usiku mkubwa. Hakunizuia, ila aliniomba nisimbebe mtoto yeyote garini siku ile, nami nikakubali.

Tulikutana kwanza kwenye maegesho, mbali kidogo na mlango. Mzee alikagua ala ya kila mmoja wetu. Kwa anayevaa wazi, ala isiyo na kizuizi ni hatari, kwa sababu yeyote anayepita nyuma yake anaweza kunyoosha mkono na kuichukua silaha. Sheria mpya iliongeza jambo hilo kwenye mafunzo, ingawa waliokuwa na leseni tayari hawakulazimika kurudi darasani. Ala yangu ilikuwa na kifuniko kinachopita juu ya kisigino cha bastola, na ili kuitoa ni lazima kidole gumba kibonyeze kitufe kilichoko upande wa ndani, karibu na mbavu. Mzee aliniomba ruhusa, akashika mpini, akauvuta kwa nguvu mpaka mkanda wangu ukanyanyuka na mwili wangu ukayumba. Bastola haikutoka. Akaniuliza pochi yangu iko mfuko gani. Nikamjibu kwamba iko mfuko wa nyuma wa kulia, kama siku zote. Akanitaka niihamishie mfuko wa mbele wa kushoto, ili siku askari akiniomba leseni mkono wangu usielekee hata kidogo upande wa silaha. Nilifanya hivyo pale pale.

Kisha akatukumbusha masharti ya kikundi. Hakuna atakayeitoa silaha kwenye ala kwa sababu yoyote isipokuwa kuokoa uhai, hata kama rafiki ataomba kuiona. Hakuna atakayeshika mpini wakati akizungumza. Hakuna kileo. Mwenye mkahawa akisema tutoke, tunatoka mara moja na kwa heshima, tena tunalipia tulichoagiza. Hilo la mwisho lilikuwa pia la kisheria. Kifungu cha 30.07 cha sheria ya makosa ya jinai ya Texas kinampa mwenye mali haki ya kukataza silaha za wazi kwa kubandika tangazo mlangoni, kwa Kiingereza na Kihispania, lenye herufi za urefu wa inchi moja au zaidi, na anayeambiwa kwa mdomo kisha akakataa kutoka hukabiliwa na kosa kubwa zaidi kuliko aliyepita tangazo tu. Kampuni ya Whataburger ilikuwa imetangaza tangu Julai 2015 kwamba haitaki silaha za wazi kwenye migahawa yake, na katika kikundi chetu walikuwamo walioudhika kwa hilo. Mimi sikuudhika. Nyumba ni ya mwenyewe.

Mkahawa wetu haukuwa na tangazo, na mzee alikuwa amekwisha kuzungumza na meneja juma lililotangulia. Hata hivyo tulipoingia, mazungumzo ya meza zilizokuwa karibu na mlango yalikoma. Nilihisi uzito wa mkanda kuliko nilivyowahi kuuhisi. Mama mmoja aliwahamisha watoto wake wawili kwenye meza ya mbali, na sikumwona kuwa mkorofi; ningekuwa yeye, huenda ningefanya hivyo hivyo. Mzee mmoja wa Kizungu aliinuka kuja kutupa mikono. Mhudumu, binti mdogo, alituletea kahawa na kutuuliza tunakula nini, kama alivyowauliza wengine, na moyoni nilimshukuru. Nilikaa pembeni mwa meza, ubavu wangu wenye silaha ukielekea ukutani, kama nilivyoelekezwa.

Walinisaili wakati tukila. Hawakuuliza ni bastola ya aina gani wala nimepata alama ngapi. Mwanamke mmoja, muuguzi wa hospitali, alitaka kujua ningefanya nini mtu akinitukana barabarani nikiwa nimevaa silaha. Nikamjibu kwamba ningeomba radhi hata kama sina kosa, kisha ningeondoka. Akatikisa kichwa kuafiki, akasema kwamba mtu asiyeweza kuomba radhi bila kosa aiache bastola nyumbani.

Tulikuwa tukingoja hesabu ndipo askari polisi wawili walipoingia. Mmoja alikwenda kaunta. Wa pili alisimama, akatutazama meza nzima, kisha akaja moja kwa moja kwangu na kuniomba leseni. Niliweka mikono yote miwili juu ya meza. Nikamwambia kwamba pochi iko mfuko wa mbele wa kushoto, nikauliza kama naweza kuitoa, na aliponiruhusu nikaitoa polepole kwa mkono wa kushoto. Alisoma leseni na kitambulisho, akaangalia uso wangu, akasoma tena jina langu ambalo hakuweza kulitamka, akanirudishia. Siwezi kusema moyoni mwake mlikuwa na nini. Tulikuwa wengi pale mezani, na alianza na mimi.

Mzee wetu, kwa sauti ile ile ya darasani, alimuuliza kama angependa kuona na leseni za wengine. Askari alisita, kisha akasema ndiyo, na mmoja baada ya mwingine wakaonyesha. Hakukuwa na maneno makali. Baadaye, kwenye maegesho, nilielezwa jambo ambalo sikulijua: sheria ile ilipokuwa Bungeni, Mbunge Harold Dutton wa Houston, mtu Mweusi, aliweka kifungu cha kuwazuia polisi kumsimamisha mtu kwa sababu tu ameonekana na bastola. Kwenye Seneti ya jimbo, Don Huffines wa Republican, chama kinachopingana na kile cha Dutton, aliibeba hoja hiyo hiyo. Wakuu wa polisi waliipinga, na ikaondolewa kabla ya sheria kufika kwa Gavana. Naamini hadi leo kwamba kilikuwa kifungu cha maana kuliko vyote vilivyopendekezwa, na kwamba waliokiondoa hawakuwa watu ambao askari angeanza nao mezani.

Siku ile niliandika jina langu kwenye daftari la kikundi. Miezi sita baadaye, tarehe 6 Julai, huko Minnesota, Philando Castile alimweleza askari kwa adabu kwamba ana silaha, naye alikuwa na kibali chake, akauawa kwa risasi akiwa amefungwa mkanda wa gari. Usiku uliofuata, kwenye maandamano ya Dallas, mtu mmoja aliwaua askari watano, na mwandamanaji asiye na hatia aliyebeba bunduki wazi begani akasambazwa kwa picha kama mshukiwa kabla ya kuachiwa. Kikundi chetu kilikutana juma lile. Nilisimama na kupendekeza kwamba bunduki ndefu zisibebwe tena kwenye mikusanyiko ya watu, na kwamba kila mwanachama mpya afundishwe suala la pochi kabla ya kitu kingine chochote. Pendekezo la pili lilipita bila mjadala. La kwanza tulibishana mpaka ukumbi ukafungwa, na baadhi ya wenzangu walijitoa kwa sababu yake. Muuguzi na mzee walikuwa upande wangu, nasi tuliobaki tukalifanya kuwa sharti.