Nani alilitengeneza paa? Namna tulivyorekodi albamu ya watoto kuhusu urafiki

Mama mmoja alipoisikiliza kazi yetu ya kwanza aliisogeza simu sikioni, akaurudia wimbo mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, sasa wa kwangu ni yupi?" Sikuwa na jibu. Mwanawe alikuwamo miongoni mwa watoto 11 walioimba, lakini prodyuza alikuwa amezipitisha sauti zote katika programu ya kunyoosha sauti, mpaka zikawa kama sauti moja inayotokea ndani ya debe.

Ninafundisha shule ya Jumapili hapa Morogoro, na nilitaka albamu ya nyimbo na hadithi ambayo mtoto angeweza kuisikiliza nyumbani akajifunza urafiki kutoka katika Biblia yenyewe. Hadithi nilikwisha kuzichagua: Daudi na Yonathani, Ruthu na Naomi, Mefiboshethi aliyekaribishwa mezani kwa mfalme kwa ajili ya urafiki wa marehemu baba yake, na wale wanne waliombeba mwenye kupooza katika Marko sura ya 2. Nilichokosa ni ujasiri wa kuwakatalia washauri.

Nao walikuwa wengi. Mmoja alisema nichukue nyimbo za watoto za kigeni zinazojulikana, nibadilishe maneno tu, kana kwamba nyimbo hizo hazina wenyewe na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilitungwa kwa ajili ya watu wengine. Hata tukiiacha sheria kando, jambo hilo huharibu lugha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa chukua wimbo unaoanza kwa pigo zito, uingize neno "rafiki", nawe utawasikia watoto wakipaza "RA-fiki, RA-fiki" kama watu wanaomwita mtu wasiyemfahamu. Nilitunga upya, nikihakikisha kwamba silabi ya kwanza inatangulia kidogo na pigo zito linaangukia kwenye "fi". Jina la Mefiboshethi, ambalo kila mtu aliniambia nilikwepe kwa sababu ni gumu, ndilo lililopendwa kuliko yote: watoto walilipigia makofi matano, la nne kwa nguvu, na hadi leo wanalitamka vizuri kuliko wazee wa kanisa.

Siku ya studio sitaki kuikumbuka, lakini nitaieleza. Tulilipia siku nzima, kama laki moja na nusu hivi, mbali na nauli ya daladala. Chumba cha kurekodia kilikuwa na joto, na hedifoni ziliwavuka watoto masikio, zikawa zinaanguka mabegani; na kila aliyezivaa alipiga kelele, kwa kuwa hakujisikia. Mpiga gitaa alianzisha nyimbo katika sauti iliyomfaa yeye, mwanamume mwenye koo nzito, na watoto walipofika chini ya mstari wa pili walipotea kabisa, wakabaki wananguruma kama wagonjwa wa mafua. Nilipomwomba apandishe, prodyuza alicheka, akasema, "Dada, watoto hawajali maneno wala sauti, wao wanataka biti." Mdogo wao mmoja alilia. Nilinunua soda, tukarudi nyumbani.

Mara ya pili sikwenda kwa mtu. Niliazima maikrofoni na kompyuta ya kijana mmoja wa kwaya anayejua kurekodi, tukatumia darasa letu la watoto, magodoro sita yakiwa yameegemezwa ukutani na mablanketi mazito yakiwa yametundikwa madirishani. Khanga hazisaidii, nilizijaribu. Paa letu ni la bati, kwa hiyo tulisubiri kiangazi, na hata hivyo mvua isiyotarajiwa ilitunyang'anya jioni moja nzima. Watoto waliimba bila hedifoni, wakiwa wamesimama nusu duara kama walivyozoea Jumapili, gitaa likipigwa taratibu upande wa nyuma.

Nyimbo zilikwenda vizuri, lakini hadithi zilinishinda. Kila niliposoma nilisikika kama katibu anayesoma matangazo ya ibada. Nilirudia hadithi ya mwenye kupooza mara nane au tisa, nikabadilisha sauti, nikaweka vituo, na bado kijana wa kompyuta alikuwa akitazama saa yake. Ndipo nilipomwona mtoto wa miaka sita, mdogo wake mwimbaji mmoja, aliyekuja kumsubiri dada yake na ambaye hakuwahi kuisikia hadithi ile. Nikamkalisha mbele yangu, nikaiweka karatasi chini, nikamsimulia yeye peke yake. Nilipofika pale wale wanne walipotoboa dari na kumteremsha mgonjwa kwa godoro lake, aliniuliza, "Anti, sasa lile paa nani alilitengeneza?"

Nilimwambia kwamba Marko hakuandika. Akafikiri, miguu ikining'inia kitini, halafu akasema, "Basi ni haohao wanne. Walirudi kesho yake na ngazi." Kijana alitaka kuikata sehemu ile. Nilimkataza kabisa, na usiku huo nikatunga wimbo wa ngazi, ambao ndio unaoombwa zaidi. Tangu hapo kila hadithi nilimtafutia msikilizaji mmoja asiyeijua, jambo ambalo si rahisi, maana watoto wa kanisani wanajua mambo mengi kuliko tunavyodhani.

Gharama zote zilifika kama laki sita, bila kuhesabu maandazi, ambayo sikuyaandika popote. Albamu ina dakika 38, na kwa kuwa tuliihifadhi kwa kiwango cha chini kidogo, kila dakika huchukua takriban megabaiti moja, hivyo wazazi wanaipokea kwa WhatsApp wimbo mmoja mmoja au wanaipakia kwenye kadi ya redio. Sidii sikutengeneza hata moja, ijapokuwa mzee mmoja bado ananidai yake.

Kasoro zimo. Katika hadithi ya Yonathani, pale anaporusha mishale ili kumwonya Daudi, jogoo wa jirani anawika waziwazi. Kijana alijitolea kumfuta, lakini tulichelewa: watoto walikwisha kuikariri hadithi pamoja na jogoo wake, na sasa darasani, kila mshale wa tatu unapopita, wote wanawika.