Elfu Tatu za Mgongo wa Kasenyi

Kasenyi, ufukoni mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, hakuna gati. Boti za kwenda visiwa vya Ssese hukaa mbali na ufuko, na abiria hubebwa mgongoni na vijana wa pale, kuanzia kina mama mpaka wazee wenye mikongojo. Mimi ni Mpemba, nikakunja suruali nijiendee mwenyewe. Mzee mmoja wa Bukoba, mfanyabiashara wa dagaa, akanizuia: "Mwanangu, hayo si maji ya chumvi. Kichocho hicho." Kichocho nakijua. Nikapanda mgongo.

Tulipatana shilingi elfu moja ya Uganda. Maji yalipomfika kiunoni, kijana akasimama.

"Kaka, boti zamani ilikuwa pale," akaonyesha kwa kidevu. "Ziwa limepanda. Elfu moja ni bei ya zamani."

"Si tumepatana?"

"Sawa." Akalegeza mikono. Makalio yakagusa maji.

"Elfu mbili!"

Akalegeza tena. Tukamaliza kwa elfu tatu, boti nzima ikicheka, na mama mmoja aliyelipa elfu mbili akanifariji kwamba mimi ni mzito.

Safari yenyewe ilikuwa kuloa na kunusa petroli mpaka Bugala, kisiwa kikubwa cha Ssese.

Nyumba ya wageni niliyofikia ina vyumba vya mbele vilivyobaki kuta, na alama ya maji imepita juu ya swichi za taa. Alama hiyo ni ya mwaka 2020. Mwezi Mei mwaka huo kipimo cha kina cha ziwa kilichopo Jinja, mto Nile unapotokea, kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Vyumba vya nyuma sasa ndivyo vimekuwa vya mbele, na bei imepanda kwa sababu, eti, unaliona ziwa kitandani. Ya kuliona sawa, lakini mimi nililisikia usiku kucha, na mbu wake juu.

Jioni mzee wa dagaa alisema kosa ni la wenye bwawa la Jinja: wangefungua mapema, watu wasingehama. Ni kweli ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Nile, na mlango huo una bwawa tangu 1954. Ila takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia humu ni mvua inayolinyeshea ziwa lenyewe, na mwaka ule mvua ilikataa kukoma. Hata hivyo nilimwonea wivu. Ana wa kumlaumu, na maji yakishuka jirani zake hupanda mihogo palepale. Kwetu Pemba bahari ikiingia bonde la mpunga inaacha chumvi, na bonde linakaa miaka bila kuzaa. Tunajenga matuta, tunapanda mikoko, mwezi mpevu unakuja na maji yake.

"Sasa nyie mnamdai nani?" akauliza.

Sikuwahi kumjibu. Mwenye nyumba alikwishasimama mlangoni, anataka pesa ya chumba kabla jenereta haijazimwa, na jenereta nayo ina bei yake.